Mwanafunzi Ugenini na Haji Korongo



Si jambo geni tena katika nyumba zetu kusikia ya kwamba mtoto wa fulani amepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Zamani habari kama hizo zilikuwa za watu wa Unguja, Mombasa na Lamu, ambao bahari iko mlangoni mwao na kusafiri ni ada yao. Leo hata huku kwetu Nyangoto, wilayani Tarime, mahali ambapo watu wa mbali hupajua kwa ng'ombe na kwa dhahabu tu, wametoka vijana waliovuka nchi na bahari kwenda kutafuta elimu. Hii ni neema, na mwenye neema hushukuru.

Mtoto akipata nafasi hiyo nyumba nzima hushughulika. Baba hutafuta fedha, mama hutafuta sweta, shangazi huleta karanga za kukaanga, na maalim huitwa asome dua. Kila mtu humpa msafiri wasia wake: usiache sala, usifuate marafiki wabaya, usisahau kwenu. Wasia huu wote ni mwema, wala hapana hata mmoja wa kuutupa. Lakini mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha watoto na kuwaaga, nimetambua ya kwamba liko jambo moja ambalo hakuna kati yetu anayemwambia msafiri. Twamwonya juu ya watu wa nchi aendayo, ilhali hatumwambii neno juu ya nchi yenyewe: jua lake, mvua yake, miti yake na ndege wake. Na hilo, nimeona kwa macho yangu, ndilo liwezalo kumweka mtoto ugenini au kumrudisha nyumbani kabla ya wakati wake.

Tusidhani ya kwamba upweke wa msafiri ni udhaifu wa vijana wa leo. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Tangier, alitoka kwao mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21. Alipoingia Tunis pamoja na msafara, wenyeji walitoka kuwalaki wasafiri, huyu akisalimiwa na nduguye, yule na rafiki yake, bali yeye hakusalimiwa na mtu kwa kuwa hapana aliyemjua. Yeye mwenyewe amesimulia ya kwamba alilia machozi, hata mmoja wa mahujaji akamwona, akamwendea na kumsalimu na kumliwaza. Huyo aliyelia Tunis ndiye aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka michache baadaye akafika Bursa katika nchi ya Uturuki. Na ukichunguza habari alizoacha, utaona ya kwamba kila alikofika aliitazama nchi: Mombasa alitaja ndizi na malimau na matunda mengine, na Bursa alitaja maji ya moto yanayobubujika nje ya mji na watu wanayoyaoga. Msafiri mwenye kutazama haishiwi na la kufanya, na mwenye la kufanya hupungukiwa na machozi.

Nimeutaja mji wa Bursa kwa sababu. Mji huo huo ndio uliompokea kijana mmoja wa hapa kwetu, niliyemfundisha tangu alifu hata akahitimu. Jina lake nitalisitiri, kwa kuwa habari hii ni yake na ya wazazi wake, nao wameniruhusu kuisimulia kwa sharti hilo.

Alisafiri mwezi wa Septemba mwaka 2017. Ufadhili aliopata ulimpa ada, malazi, tiketi ya ndege na posho ya kila mwezi, na mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza Kituruki tu, ndipo aingie katika masomo ya kilimo. Hata hivyo safari ina gharama nyingi zisizoandikwa katika karatasi, na baba yake aliuza ng'ombe wawili. Msomaji anayejua maisha ya huku kwetu hahitaji kuelezwa maana ya ng'ombe wawili.

Miezi miwili ya kwanza habari zilikuwa njema. Kisha Desemba ikaingia, na ujumbe wa simu ukaanza kuwa mfupi. Usiku mmoja nikapokea maneno haya: "Maalim, shikamoo. Naomba uniombee ruhusa kwa baba nirudi. Huku hapana jua. Nimeacha kwenda darasani siku tisa sasa."

Nakiri mbele ya wasomaji ya kwamba nilighadhibika. Nilimwandikia maneno makali juu ya ng'ombe wa baba yake, na juu ya wanafunzi wa zamani waliokwenda kwa miguu kutafuta elimu, nikamtajia na subira. Siku tatu hakunijibu. Mke wangu aliponiuliza habari zake nikamsomea nilichoandika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Umempa hotuba, hukumpa kazi. Wazee hawakusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Huyu yuko miezi mitatu hana jembe."

Neno hilo lilinichoma, kwani lilikuwa la haki. Methali hiyo sisi hudhani ni ya kumkebehi mgeni asiyeondoka, kumbe ndani yake mna rehema: mgeni akishika jembe huijua ardhi ya mwenyeji, akaacha kuwa mgeni. Nikamwandikia tena kijana wangu, safari hii kwa upole. Nilimwambia: mwanangu, kurudi tutazungumza baadaye. Kwanza nifanyie kazi. Kila siku toka nje, uniandikie jua limechomoza wapi na saa ngapi, limekuchwa wapi na saa ngapi, kibla chenu kiko upande gani, na mti gani na ndege gani umewaona. Kila Ijumaa niletee hesabu. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hakuthubutu kumkatalia mwalimu wake jambo dogo kama hilo.

Hesabu ya Ijumaa ya kwanza ilinifungua macho mimi mwenyewe. Wasomaji wajue ya kwamba tangu mwaka 2016 Uturuki hutumia saa moja na sisi wa Afrika Mashariki mwaka mzima. Saa ya ukutani ya Bursa na ya Nyangoto husema wakati mmoja, lakini majua ni mbali mbali. Huku kwetu, karibu na mstari wa ikweta, jua huchomoza yapata saa 12 na nusu asubuhi na kuchwa saa 12 na dakika 40 hivi jioni, na mwaka mzima tofauti ni ya dakika tu. Kule, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza kama saa 2 na dakika 20 asubuhi na kuchwa kabla ya saa 12 jioni, yaani mchana wote ni saa 9 na dakika 20 tu. Na mwezi wa Juni mambo hugeuka: mchana huwa saa 15, na Magharibi huadhiniwa baada ya saa 2 na nusu usiku.

Mtoto aliyezaliwa Nyangoto hajapata kuliona jua likichelewa. Kwake jua ni kama mzazi, halikosi mlangoni. Linapokawia hata watu wakaenda kazini gizani, moyo wake humwambia ya kwamba mambo yameharibika, wala hajui sababu ya huzuni yake. Lakini aliponza kuandika saa na dakika, aliona jambo la kumtuliza. Baada ya tarehe 21 Desemba mchana ulianza kurefuka, kwanza kwa sekunde chache, kisha kwa dakika. Akaniandikia: "Maalim, jua linarudi. Nimelipima." Siku hiyo hakutaja habari ya kurudi nyumbani.

Katika hesabu ya pili alinieleza habari ya kibla. Sisi wa Nyangoto husali tukielekea kaskazini, tukipinda kidogo tu mashariki, kwa kuwa Makka iko juu yetu. Naye kule Bursa husali akielekea kusini, akipinda kidogo mashariki. Tangu utotoni alikuwa ameupa mgongo upande wa kusini kila asimamapo kusali, na sasa huko ndiko anakoelekea. Jambo hili lilimshangaza kwanza kama kwamba amepotea njia. Kisha akatia fikira, akaniandikia: "Kumbe Maalim, wewe ukisali na mimi nikisali, tunaelekeana." Nilipoyasoma haya nilitoka nje nikasimama peke yangu kwa muda.

Usiku nao ulikuwa na masomo yake. Nyota ya Kaskazini, ambayo sisi hatuioni kwa kuwa kwetu iko chini ya upeo wa macho, yeye aliiona imesimama juu, haitoki mahali pake, na nyota nyingine zikiizunguka. Ule msalaba wa nyota wa upande wa kusini, unaoonekana huku kwetu, alipoutafuta kule hakuuona. Lakini Kilimia alikikuta, zile zile nyota ndogo zilizokusanyika kama vifaranga, ambazo wakulima wa pwani yetu walizitumia tangu zamani kuhesabia majira. Mtu akiwa mbali na kwao, hata nyota anayoijua ni jirani.

Juu ya mji wa Bursa umesimama mlima Uludağ, maana yake mlima mkubwa, wenye urefu wa mita 2,543, nao ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1961. Chini yake kuna miti ya kestane, izaayo njugu kubwa ambazo wachuuzi huzichoma juu ya makaa na kuziuza njiani wakati wa baridi, kama tuchomavyo mahindi huku kwetu. Njiani kwenda mlimani uko mti mmoja wa mkuyu wa kule, waitao çınar, katika kijiji cha İnkaya, ambao husemwa kuwa na umri wa miaka 600. Kijana wetu alipoiona miti ya mji imepukutisha majani yote alidhani imekufa kwa ukame. Mzee mmoja wa msikitini alimchekea kwa wema, akamwambia ya kwamba imelala tu, naye asiihurumie bali aingoje.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wake wa kweli, na walijuana kwa sababu ya kuuliza habari za miti. Lugha nayo ilisaidia. Waturuki na Waswahili wamechota maneno mengi katika kisima kimoja cha Kiarabu: kitabu kwao ni kitap, kalamu ni kalem, dunia ni dünya, habari ni haber, sabuni ni sabun. Neno moja lilimpendeza zaidi ya yote, nalo ni misafir. Sisi tukisema msafiri twamaanisha mtu aliye njiani. Waturuki wakisema misafir wanamaanisha mgeni aliyefika nyumbani, anayestahili chai na mto wa kuegemea. Kijana alikuwa akijiita msafiri, kumbe wenzake wote walikuwa wakimwita mgeni wao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Alipofika Bursa mwezi wa Septemba, kijana aliona juu ya dohani, nguzo za umeme na mapaa ya vijiji vya pembezoni mwa mji vichaka vikubwa vya vijiti, vimekaa vitupu. Alidhani ni takataka zilizopeperushwa na upepo. Mwezi wa Januari, katika kazi yake ya kuhesabu ndege, alimwuliza yule mzee. Mzee akamwambia: hivyo ni viota vya leylek. Wenyewe hawapo. Wameondoka Agosti wamekwenda kwenu Afrika, nao watarudi Machi. Sisi humwita Haji Leylek, kwa kuwa kila mwaka hufunga safari kwenda upande wa Makka.

Leylek ni korongo mweupe. Nasema korongo yule ndege, si korongo la ardhi. Ni ndege mrefu, mwenye mwili mweupe, ncha za mbawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Uzito wake ni kilo 3 hadi 4, na akizitandaza mbawa zake upana wake hufika mita 2. Mwili mzito kama huo hauwezi kupigapiga mbawa kutoka Ulaya hata Afrika. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu amempa hila nyingine: hungoja jua liipashe ardhi moto, hewa ya joto ikapanda juu, naye akapanda nayo akizunguka pasipo kupiga mbawa, kisha akateleza angani maili nyingi hata apate hewa nyingine ya kupanda. Na kwa kuwa hewa hiyo haipandi vizuri juu ya bahari, korongo huepuka bahari kubwa. Wa mashariki ya Ulaya hukusanyika kwa maelfu kwenye mlango mwembamba wa Bosphorus, pale Istanbul, wakavuka. Hupita Uturuki, Shamu, Palestina na Sinai, wakaufuata mto Nile hadi Sudan, kisha wakaingia kwetu Afrika Mashariki, na wengine huendelea hadi kusini kabisa mwa bara. Katika nyanda za Serengeti hula panzi na viwavi jeshi, adui wa mkulima.

Watu wa Bursa wana historia ya pekee na ndege huyu. Katika karne ya 19 ilikuwapo mjini humo nyumba ya kutunzia korongo waliovunjika mbawa au kuugua, wasioweza kufuatana na wenzao. Nyumba hiyo iliitwa Gurabahane-i Laklakan. Laklakan ni korongo, na guraba ni lile lile neno letu gharibu, yaani wageni wasio na kwao. Nyumba ya korongo walio wageni! Mzee alimwonyesha kijana mahali ilipo, kisha akamwambia: "Babu zetu walimtunza mgeni wa Afrika aliyevunjika bawa. Je, sisi tutashindwa na wewe?"

Kijana aliniandikia habari hii yote usiku ule ule, na mwishoni akaniuliza maswali matatu. "Maalim, korongo wako hapo Nyangoto sasa? Wanakula wapi? Na wazee wa Kikuria wanawaitaje?"

Ndugu wasomaji, sikuweza kujibu hata swali moja. Nimezaliwa katika nchi hii, nimepita miaka 50, nimewafundisha watoto wengi ya kwamba Mwenyezi Mungu katika Suratul Ghashiya anatutaka tuangalie ngamia alivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Nilifundisha matamshi ya aya hizo, ghuna zake na madda zake, lakini kuangalia kwenyewe sikuangalia. Ngamia hatunaye. Bali ndege yuko, na mto Mara uko, unaotoka misitu ya Mau katika nchi ya Kenya na kupita kwetu hadi ziwa Viktoria, na mimi nilikuwa nikipita kando yake kama mtu apitaye ukutani.

Siku ya pili baada ya darasa la asubuhi niliwachukua watoto wa madrasa, wakubwa kwa wadogo, tukateremka mashambani kuelekea mtoni. Tulikaa mbali na maji kwa ajili ya mamba na viboko. Haukupita muda mtoto mmoja wa kike akanyoosha kidole. Walikuwa 11, wakitembea taratibu katika shamba lililovunwa, wakiinamia panzi. Watoto walinitazama, wakidhani nitawaeleza. Nikawaambia kweli: mimi nami ndiyo kwanza nawatazama leo. Jina la Kikuria tulikwenda kumwuliza bibi mmoja mkongwe, naye alifurahi kuulizwa kuliko tulivyofurahi kujibiwa, akatuweka hata adhuhuri akitutajia na ndege wengine.

Nikamwandikia kijana: wako hapa, nimewaona. Wakianza safari ya kurudi nitakuarifu, nawe uwapokee. Katika wiki za kwanza za Machi tulipokwenda shambani hatukuwakuta tena. Na mwishoni mwa mwezi huo ikaja picha katika simu: kiota kile kile kitupu, na juu yake korongo amesimama kwa mguu mmoja, na nyuma yake mti wa çınar umeanza kuchipua. Siwezi kuapa ya kwamba alikuwa mmoja wa wale 11. Lakini kijana yule hakuomba ruhusa ya kurudi tena. Ramadhani ya mwaka 2018 iliangukia Mei na Juni, saumu ya kule ikawa ya saa 17 kwa makisio, ilhali yetu ni ya saa 13 na kitu, naye akaifunga yote akiwa na furaha, kwa sababu alikwisha kulijua jua lile na desturi zake. Alimaliza Kituruki, akasoma kilimo miaka minne, akarudi mwaka 2022 na shahada yake. Baba yake sasa hutaja wale ng'ombe wawili kwa kucheka.

Wala tusifikiri ya kwamba kutazama nchi ni mchezo wa kupoteza wakati wa masomo. Mwaka 1960 msichana mmoja wa Nyeri, Wangari Maathai, alikwenda Marekani akasoma elimu ya viumbe hai katika jimbo la Kansas, kisha Pittsburgh. Aliporudi kwao alikuwa na macho ya kuona yaliyopotea: miti iliyokatwa na vijito vilivyokauka. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kina mama kupanda miti, ikafika zaidi ya miti milioni 30, na mwaka 2004 akatunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Na wako waliokuja ugenini kwetu. Mwaka 1965 mwanafunzi wa Oxford, Anthony Sinclair, alifika Serengeti, jirani yetu kabisa, akawa mmoja wa wataalamu waliotueleza jambo ambalo sisi wafugaji tuliishi nalo bila kulitambua. Ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki yapata mwaka 1890 ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu. Watu walidhani wanyama wa mwitu ndio wenye kuutunza ugonjwa. Kumbe ng'ombe walipochanjwa katika nchi zinazoizunguka Serengeti, sotoka iliwatoka hata wanyama wa mwitu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nyumbu waliokuwa kama 250,000 mwaka 1961 wakafika kama milioni 1.3 mwaka 1977. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Maana yake, babu zetu waliokubali kuchanja ng'ombe wao walishiriki katika kuwaponya nyumbu wanaovuka mto Mara leo. Mgeni aliyetazama ndiye aliyetusaidia kuyaona ya kwetu.

Basi kwa yale tuliyojifunza, napenda kuziusia nyumba zenye watoto walioko masomoni au wanaojiandaa kusafiri.

Kwanza, kabla mtoto hajaondoka, mtembezeni katika nchi yake mwenyewe. Ajue majina ya miti kumi na ndege kumi, na upande wa kibla bila kutazama simu. Asiyekijua cha kwao hana cha kulinganisha.

Pili, mwambieni mapema habari ya jua la kule. Ajue mchana utafupika, na baada ya tarehe 21 Desemba utarefuka. Huzuni yenye sababu inayojulikana ni nusu ya huzuni.

Tatu, msimwulize kila siku "umekula nini" na "fedha zimebaki ngapi" peke yake. Mwulizeni ameona nini. Swali hilo humtoa chumbani.

Nne, mwanafunzi atafute mwenyeji mtu mzima na amwulize majina ya vitu. Hapana mzee asiyependa kuulizwa jina la mti wa kwao.

Tano, awe na hadhari. Asipande mlima peke yake, asiende bila kumwambia mtu njia atakayopita na saa ya kurudi, na ukungu au theluji ikianza arudi mara moja. Wala asile uyoga au tunda la porini kwa kuwa limefanana na la kwao, kwani kufanana si kuwa kimoja, na uyoga wenye sumu umekwisha kuua wengi. Mabinti zetu nao wana haki ya kuiona ardhi ya Mola wao. Waende kwa kundi la wenzao wanaoaminika.

Sita, mzazi au mwalimu mtoto anapolia, tusikimbilie hotuba. Mimi nilikimbilia, nikakaribia kumpoteza.

Madrasa yetu ya Nyangoto sasa ina daftari moja ambalo si la Kurani wala la fikihi. Watoto huandika humo siku waliyowaona korongo kwa mara ya kwanza, na siku waliyowakosa. Yule kijana, aliyerudi na kukaa nasi, ndiye anayelisahihisha.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wote walio ugenini, awape wenyeji wema, awape macho ya kuona alichokiumba, na awarudishe kwao wakiwa na elimu na afya. Amina.